Kozi ya jioni ya sheria ya Kiingereza pale Magomeni, nimemaliza na haya ndo maoni yangu

Kama kazi yako inakufanya ushike mikataba yenye ile sentensi ya mwishomwisho kwamba mkataba huu utaongozwa na sheria ya Uingereza, hii kozi nenda, lipa, na ukae mbele. Mimi nagomboa mizigo bandarini, na BL (bill of lading, ile hati ya mzigo wa meli) kibao zinazopita mezani kwetu ukizigeuza nyuma kuna yale maandishi madogo, ukiyasoma unakuta mgogoro ukitokea unaenda kusikilizwa London kwa sheria ya huko. Ofisini hakuna aliyeweza kunieleza hiyo sheria inatungwaje, nani anaitafsiri, na jaji wa huko akishika karatasi yetu anaisomaje. Ndo nikaisikia hii kozi kwa jamaa wa kampuni ya bima, nikajiandikisha.

Ni ghorofa ya pili, Magomeni, sio mbali na kituo cha mwendokasi, kwahiyo ukitokea Posta baada ya kazi unafika bila kupigana sana na foleni. Chumba ni cha kawaida, viti vya plastiki, feni mbili, projekta moja ya zamani kidogo ila inaonesha vizuri. Umeme ukikatika wanawasha jenereta, dakika mbili tatu mnaendelea. Bei ni laki mbili na nusu kozi nzima, unaruhusiwa kulipa mara mbili, na hendauti zipo humo humo kwenye bei. Mwanzo niliona ni hela nyingi kwa kozi isiyokupa cheti chochote cha maana. Kwa sasa naona ni bei ya haki kabisa na ntaeleza kwanini.

Sababu kubwa ni mwalimu. Ni wakili mstaafu, darasa zima tunamwita Mzee, na mtu akiingia kachelewa anasema shikamoo Mzee anajibiwa marahaba kaa usome. Hahubiri. Anagawa hukumu yenyewe, yani hukumu ya jaji neno kwa neno, sio muhtasari, halafu kila mtu anasoma kipande kwa sauti na yeye anasimamisha, anauliza jaji amesema nini? Ukianza kujibu mimi naona, anakukatiza kwa upole, "sijakuuliza unaonaje mwanangu, nimekuuliza jaji amesema nini." Siku za mwanzo inachosha kwasababu Kiingereza cha majaji wa zamani ni kigumu, sentensi moja inakula nusu ukurasa. Lakini ukishazoea unaanza kuona mtu anavyofikiri hatua kwa hatua, na hicho ndo kitu ambacho hakuna video wala noti za kudownload zitakupa.

Mfano ambao umenibakia ni kesi ya Hadley na Baxendale ya 1854, darasani tuliiita kesi ya kinu. Watu wa Gloucester walikuwa na kinu cha kusaga nafaka, kinaendeshwa kwa mvuke, chuma kinachozungusha mashine kikavunjika, wakampa msafirishaji akipeleke Greenwich kwa mafundi ili kitumike kama sampuli ya kutengenezea kipya. Msafirishaji akachelewa. Kinu kikalala siku kadhaa zaidi, wenyewe wakadai faida yote waliyoikosa. Mahakama ikasema ukivunja mkataba unalipa hasara inayotokana na huko kuvunja kwa namna ya kawaida ya mambo, au hasara ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo akilini wakati zinakubaliana. Msafirishaji anajuaje kwamba hawana chuma kingine cha akiba? Hajui. Kwahiyo faida ya kinu kulala hawezi kubebeshwa.

Sasa hapo ndo Mzee akatuonesha kitu. Ule muhtasari unaokuwa juu ya ripoti ya kesi unasema karani wa msafirishaji aliambiwa kabisa kwamba kinu kimesimama na mzigo uende haraka. Lakini ukishuka chini kwenye maneno ya jaji mwenyewe, Baron Alderson, anasema walichoambiwa tu ni kwamba kitu kinachobebwa ni chuma kilichovunjika cha kinu na kwamba wenye mzigo ni wasagaji. Basi! Karatasi moja, juu inasema hivi chini inasema vile, na kinachobeba uamuzi ni kile cha chini. Darasa lilinyamaza pale. Kuna dada mmoja wa benki akasema, "kwahiyo Mzee, aliyesoma muhtasari peke yake anaweza kwenda mahakamani na kesi inayomgeuka," Mzee akamwambia wanaenda kila siku.

Nikwambie ukweli hiyo jioni moja tu imelipa ada yangu yote. Fikiria mteja wako ana mashine imekwama, amefunga kiwanda anaisubiri, na wewe au wakala wa meli hamjaambiwa chochote zaidi ya uzito wa kontena na namba ya BL. Akija kudai faida ya kiwanda kulala, swali la kwanza ni mlijua nini siku mnakubaliana. Sio siku meli inachelewa, siku ya kukubaliana. Tangu hapo mteja akinipigia kusema mzigo wangu una haraka namuuliza haraka ya nini, namwomba aandike kwenye imeili kabla hatujasaini, na inamlinda yeye na inatulinda sisi. Na usidhani ni mambo ya Waingereza tu, Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73 kina wazo lilelile, kwasababu sheria yetu ilichukuliwa kwenye sheria ya mikataba ya India ya 1872 ambayo Waingereza ndo waliitunga.

Halafu akatuvusha miaka mia na nusu mbele, kesi ya meli inaitwa Achilleas, 2008. Waliokodi meli waliirudisha siku tisa baada ya muda wake, mwenye meli akawa ameshaingia mkataba na mkodi mwingine kwa bei nzuri, soko likashuka katikati, ikabidi apunguze kutoka dola 39,500 kwa siku mpaka 31,500. Akadai tofauti ya kipindi chote cha mkataba mpya, inafika dola 1,364,584. Waliochelewesha wakasema sisi tunadaiwa zile siku tisa tu, dola 158,301. Bunge la Mabwanyenye la Uingereza (House of Lords), ambalo wakati huo majaji wake ndo walikuwa mahakama ya juu kabisa, likasema mnadaiwa zile siku tisa. Walianzia kwenye kinu kilekile cha 1854, ila baadhi ya majaji wakaongeza swali jingine, je, huyu mtu alipoingia mkataba alibeba jukumu la hasara ya aina hii? Hapo nikaelewa sheria ya kesi inavyokua. Hakuna aliyekaa bungeni akatunga kifungu kipya, jaji kachukua uamuzi wa zamani akaupima na mambo ya leo akausogeza kidogo, na anayefuata ataanzia pale.

Upande wa kutafsiri sheria zilizoandikwa nao umefundishwa vizuri mno. Wengi wanakariri zile kanuni tatu, ya maana ya neno lilivyo, ya kukwepa upuuzi, na ya kutafuta tatizo ambalo sheria ilikuja kulitibu, hii ya tatu inatoka kesi ya Heydon ya 1584. Mzee hakutukaririsha, alitupa kesi tu. Kuna ya Fisher na Bell ya 1961, mwenye duka Bristol kaweka dirishani kisu cha kufyatuka na bei yake, sheria ya 1959 inakataza kutoa ofa ya kuuza visu hivyo. Ukiuliza mtu yeyote anayepita Kariakoo kitu kilichowekwa dirishani na bei kinauzwa au hakiuzwi atakushangaa. Mahakama ikasema hapana, kwenye sheria ya mikataba kuweka kitu dirishani ni kumkaribisha mteja aje atoe ofa yeye, na Bunge lilipotumia neno ofa lichukuliwe limelitumia kwa maana hiyo ya kisheria. Mwenye duka akapona. Mwaka huohuo Bunge likarekebisha sheria. Halafu upande wa pili ile ya Corkery na Carpenter ya 1951, jamaa amelewa anasukuma baiskeli barabarani, sheria ya 1872 inasema kosa kulewa ukiwa na gari la kukokotwa, sasa baiskeli ni gari la kukokotwa? Mahakama ikasema ndio, sababu lengo la sheria ni usalama wa watu barabarani.

Ule mjadala ulichukua jioni nzima na ndo jioni tamu kuliko zote. Kijana mmoja mwenye guta zake za kukodisha alibisha kwa hasira kabisa, kwamba kama mahakama inaweza kuita baiskeli gari basi raia wa kawaida atajuaje nini kosa na nini sio kosa. Swali lake ni zito. Kwa mtu anayeweza kufungwa, kusomewa neno kwa upana namna ile ni hatari, na huyo mlevi alifungwa mwezi mmoja kweli. Mimi niko na huyo kijana mpaka leo. Sheria ya jinai isomwe kwa ubana, kama Bunge liliacha tundu lizibe lenyewe kama lilivyoziba la visu.

Kwenye mikataba pia akatupa mbili zinazovutana, na kwa watu wa biashara hizi ndo muhimu. Rainy Sky na Kookmin Bank ya 2011, inahusu dhamana za benki za kurudisha hela za wanunuzi wa meli kiwanda cha kuunda meli kikifa. Maneno ya dhamana yalikuwa na maana mbili zinazowezekana, mahakama ikachagua ile yenye akili ya kibiashara, kwasababu dhamana ambayo haifanyi kazi pale tu kiwanda kinapofilisika ni dhamana ya nini. Ukimaliza hiyo unatoka unaamini jaji wa Kiingereza atakuokoa kwenye maneno mabaya. Wiki inayofuata anakupa Arnold na Britton ya 2015. Nyumba ndogo za likizo kule Gower, Wales, watu wana pango la miaka 99, ada ya huduma inaanza paundi 90 kwa mwaka na kupanda asilimia kumi kila mwaka juu ya iliyotangulia. Piga hesabu. Ikifika 2072 mwenye nyumba moja anadaiwa zaidi ya paundi 550,000 kwa mwaka mmoja. Mahakama ya Juu, jaji mmoja tu akipinga, ikasema maneno yako wazi, mlisaini, kazi ya mahakama sio kumwokoa mtu aliyeingia mkataba mbaya. Huyo mmoja aliyepinga, Lord Carnwath, Mzee alitusomesha na yeye mpaka mwisho, akisema uamuzi wa aliyeshindwa nao unafundisha.

Kwahiyo akili ya biashara inaingia pale maneno yanapobeba maana mbili, yakiwa na moja tu umebanwa. Hili nimelibeba moja kwa moja mpaka kazini. Kifungu cha gharama za kuchelewesha kontena ambacho kinapanda kwa siku bila kikomo, usijifariji kwamba hakuna jaji atakayekubali kitu kikali namna hii. Jadili bei kabla ya sahihi.

Jinsi kesi za juu zinavyozifunga mahakama za chini nayo kaieleza vizuri. Sio kila neno la jaji linafunga, kinachofunga ni ratio decidendi, yani ile sababu ya kisheria iliyobeba uamuzi, mengine aliyosema akipita ni ya kushawishi tu. Mahakama ya Rufani ya kule inajifunga kwa maamuzi yake yenyewe isipokuwa mazingira machache yaliyowekwa kwenye kesi ya Young na Bristol Aeroplane ya 1944. Majaji wa Mabwanyenye nao walikuwa wamejifunga tangu 1898 mpaka walipotoa tamko la 1966 kwamba wanaweza kuachana na uamuzi wao wa zamani wakiona inafaa. Zoezi la kutafuta ratio kwenye kesi ya konokono kwenye chupa ya tangawizi, Donoghue na Stevenson ya 1932, lilitutoa jasho, kila kundi likaja na sentensi yake, nyingine pana inayobeba dunia nzima na nyingine nyembamba kama inahusu konokono na chupa ya Scotland peke yake. Mzee alitudai kwa kila sentensi tuoneshe mstari gani wa hukumu unaoibeba.

Sasa mapungufu, maana yapo.

Somo la Bunge la Uingereza limekimbizwa jioni moja. Muswada unasomwa mara ya kwanza, ya pili, kamati, ripoti, mara ya tatu, unaenda chumba cha pili, unarudi, mfalme anaridhia. Mfalme au malkia kukataa kuridhia mara ya mwisho ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne. Na kwamba tangu sheria za 1911 na 1949 Bunge la Makabwela (House of Commons, la wabunge wa kuchaguliwa) linaweza kupitisha miswada mingi bila ridhaa ya Mabwanyenye baada ya kama mwaka wa kucheleweshwa, sheria ya uwindaji ya 2004 ilipita hivyo. Vyote sawa, ila vilipita kwenye projekta mbiombio. Kanuni zinazotungwa na mawaziri chini ya sheria mama ziliguswa sentensi mbili tatu, wakati mtu wa bandari au wa bima anakutana na kanuni mara nyingi kuliko sheria zenyewe. Hapa paongezwe angalau jioni moja.

Hendauti zimepitwa na wakati, hili limeniuma zaidi. Mchoro wa ngazi za mahakama bado unaonesha Bunge la Mabwanyenye ndo mahakama ya juu kabisa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2009 ni Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji 12, ina jengo lake pale Parliament Square, na ilianzishwa kwa sheria ya 2005. Mzee alisahihisha kwa mdomo, sawa, lakini aliyekosa siku hiyo ana karatasi tu, na karatasi inamdanganya. Watu wanalipa laki mbili na nusu, wastahili fotokopi ya mchoro mpya.

Jingine ni daraja la kuja nyumbani. Mtu wa Dar anataka kujua hii sheria ya Kiingereza inamgusaje hapa. Jibu lipo kwenye ile sheria wanasheria wanaiita JALA (Judicature and Application of Laws Act), Sura ya 358, kifungu cha 2, kwamba Mahakama Kuu baada ya sheria zetu zilizoandikwa inatumia komoni loo (sheria inayotokana na maamuzi ya majaji), misingi ya ekuiti (kanuni za haki pale sheria kavu inapobana mno), na sheria za matumizi ya jumla zilizokuwepo England tarehe 22 Julai 1920, tena kwa kadiri mazingira ya Tanzania na watu wake yanavyoruhusu. Ile tarehe ni mlango. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1977 kuhusu masharti kandamizi ya mikataba haikuingia, ilikuja mlango umeshafungwa. Na kesi za kule za baada ya hapo mawakili wetu wanazitumia sana, ila kwa kushawishi, hazilazimishi mahakama zetu. Hili limefundishwa siku ya mwisho, watu wameshachoka, wengine wanaangalia saa. Mimi ningelipandisha siku ya kwanza kabisa, maana ndo linalotenganisha mkataba uliochagua sheria ya Uingereza kwa hiari na mkataba wa kawaida wa hapahapa, na darasani wengi walikuwa wanavichanganya hivi viwili mpaka wiki za mwisho.

Lugha nayo waiangalie. Mzee anafundisha kwa Kiswahili kizuri sana, anachanganya pale inapobidi, lakini hendauti zote ni Kiingereza kitupu. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama zetu, na mule darasani kuna watu wa biashara wenye akili nyingi ambao wanakwama kwa lugha tu. Hukumu yenyewe ibaki ilivyoandikwa, sawa, ila ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili kwa kila kesi ungewabeba wengi, na mwenye uwezo wa kuuandika yupo.

Kwa mwanafunzi wa LLB, yani digrii ya sheria, mwaka wa kwanza, itakusaidia sana kwenye kusoma kesi, lakini usiitegemee kwa mtihani, haifuati silabasi ya chuo chochote. Kwa mtu wa bima, benki, meli, ununuzi wa mitambo toka nje, naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya hendauti. Ukienda beba daftari kubwa na kalamu za rangi mbili, na hukumu zenyewe usisubiri fotokopi, zile za karibuni zipo bure mtandaoni, za kwetu unazipata TanzLII na za kwao kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza au BAILII, ukija umeshasoma unafaidi mara mbili.

Kabla hujalipa uliza kitu kimoja, nani anafundisha. Nasikia intake ijayo wanataka kufungua darasa la pili la Jumamosi na mwalimu mwingine, huyo simjui. Mimi nimemsifia wa jioni.